DOSBox 0.74-3: uzoefu wangu wa kuuwasha tena mchezo wa Civilization wa mwaka 1991

Marehemu kaka yangu alituachia flashi yenye kabrasha moja la mchezo wa Civilization, wa kujenga miji na kuongoza taifa, ule wa kwanza uliobuniwa na Sid Meier na kutolewa na MicroProse mwaka 1991. Tuliucheza nyumbani Ngamiani kwenye kompyuta ya mezani ya DOS, ule mfumo wa zamani ulioendeshwa kwa kuandika amri. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akikaa usiku akirekebisha faili za CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT ili mchezo upate nafasi ya kutosha katika zile kilobaiti 640 za kumbukumbu ambazo programu za DOS zilitegemea. Mwezi uliopita mwanawe alikuja likizo hapa Tanga, akalifungua kabrasha hilo na kuona ndani yake faili mbili, CIVIL0.SVE na CIVIL0.MAP, ambazo ndizo mchezo wa mwisho alioucheza baba yake. Kwa hiyo ushauri niliopewa na fundi mmoja wa mjini, kwamba tununue toleo jipya tuachane na la zamani, haukutufaa, kwa kuwa matoleo mapya hayafungui faili hizo.

Tulianza kwa kubofya faili ya mchezo moja kwa moja kwenye kompyuta mpakato yangu yenye Windows 10. "Baba mdogo, imekataa," akasema kijana, nami nikaona ujumbe kwamba programu hiyo haiwezi kuendeshwa katika kompyuta hii. Ujumbe huo huwafanya wengi wadhani kuwa faili zimeharibika, lakini sivyo. Mchezo huu ni programu ya biti 16, na Windows ya biti 64, kama hii yangu, haina kabisa ile sehemu iliyokuwa ikiziendesha programu za namna hiyo. Kubadilisha mipangilio ya upatanifu, jambo ambalo tulilijaribu kwa karibu saa nzima, hakusaidii chochote hapo. Kinachohitajika ni programu inayoiga kompyuta nzima ya zamani, pamoja na DOS yake na kadi yake ya sauti, na hiyo ndiyo DOSBox. Ni ya bure, na faili yake ya kusakinisha haifiki hata megabaiti 2, hivyo kifurushi changu cha intaneti hakikutetereka.

Kuisakinisha kulichukua dakika chache. Kazi ilikuwa baada ya hapo, kwa sababu DOSBox hufunguka na dirisha jeusi lenye alama ya Z:\> bila menyu yoyote, nawe unatakiwa kuieleza kwa amri ya mount ni kabrasha lipi ilichukulie kuwa diski C. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuandika C: kabla ya amri hiyo, nayo ikatujibu kuwa diski C haipo na kwamba ni lazima iunganishwe kwanza. Kosa la pili lilitokana na jina la kabrasha. Nilikuwa nimeliita "Michezo ya Zamani", na amri ilipokutana na nafasi baada ya neno la kwanza ikatafuta kabrasha liitwalo Michezo tu, ikasema halipo. Ningeweza kulifunga jina hilo kwa alama za kunukuu, lakini niliona ni salama zaidi kulibadilisha liwe MICHEZO, kwani DOS ilizoea majina yasiyozidi herufi nane.

Tatizo lililotusumbua kuliko yote, na ambalo nadhani litawakuta watu wengi wa huku kwetu, ni la kibodi. Kompyuta yangu ni ya mtumba na ilitoka Ujerumani, na ndani ya DOSBox kitufe cha nukta pacha kilitoa alama nyingine kabisa, ilhali bila nukta pacha huwezi kuandika hata C: yenyewe. Maelezo yanayokuja na programu yanashauri kushikilia Alt na kuandika 58 kwa nukta pacha au 92 kwa mkwaju wa kinyume (\), na kutumia mkwaju wa kawaida (/) pale inapowezekana. Njia hiyo ni sahihi, ila inachosha. Iliyotutua mzigo ni nyingine: kwenye menyu ya Windows kuna kiungo cha Options cha DOSBox, ambacho hufungua faili ya mipangilio katika Notepad, na mwisho kabisa wa faili hiyo kuna sehemu ya [autoexec]. Pale, kwa kibodi inayofanya kazi kama kawaida, tuliandika mistari hii:

mount c c:\michezo
c:
cd civ
civ

Tangu hapo kila tunapofungua DOSBox mchezo hujiwasha wenyewe. Mstari wa tatu usisahauliwe. Sisi tuliusahau, tukajibiwa "Illegal command", yaani amri haitambuliki, kwa sababu tu tulikuwa nje ya kabrasha la mchezo.

Mchezo wenyewe huanza kwa kuuliza aina ya picha na ya sauti. Chagua VGA na AdLib, kwa kuwa DOSBox inaiga zote mbili vizuri. Ukibofya ndani ya dirisha kipanya hubaki humo, na kijana alidhani kompyuta imeganda. Ctrl na F10 hukiachia. Zamu za mataifa pinzani zilikwenda polepole kwa sababu mipangilio ya awali huipa michezo ya aina hii mizunguko 3,000 tu, ambayo ni kipimo cha kasi ya kompyuta inayoigwa, hivyo tulibonyeza Ctrl na F12 mara kadhaa, na kila mara huongeza asilimia 10.

Naipa DOSBox nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu maelezo yake ni ya Kiingereza kitupu na mtu asiyewahi kuona DOS atakata tamaa mapema, ingawa kila ujumbe wa kosa tuliopata ulitaja kwa usahihi kilichokuwa kimekosekana.

Mchezo ulipouliza faili zilizohifadhiwa ziko katika diski ipi, tulikubali C, na ramani ikafunguka. Kaka alikuwa akiongoza Wazulu, na miji yake alikuwa ameipa majina ya Pangani, Muheza, Lushoto na Amboni. Kijana anaiendeleza sasa, lakini nimemwelekeza ahifadhi katika nafasi ya pili ili ile ya baba yake isifutwe, na faili zote mbili, ya SVE na ya MAP, nimezinakili pia kwenye flashi nyingine iliyo kabatini kwa mama.