Banda umiza la Lindi: picha kali, msimuliaji kachapia kimondo

Jumapili nilikuwa Lindi mjini, umeme kwa mama mdogo umekata, jua kali, nikaona bora nijitupe banda umiza moja hivi (jina naliacha) maana wao wana jenereta, kiingilio mia tano tu. Nilitegemea muvi ya kivita, kumbe wameweka dokumentari ya kimondo kilichomaliza dainosaria, ishasimuliwa Kiswahili.

Picha safi aisee. Sabufa inatetemesha mpaka kifua, kimondo cha upana kama kilomita 10 kinatua Mexico, shimo lake kilomita 180 hivi, yaani utoke hapa ufike Mtwara na chenji inabaki. Banda zima kimya, hata dada wa ming'oko pembeni yangu kaacha kumenya.

Tatizo msimuliaji. Eti kimondo kilipotua ardhi ikatoboka upande wa pili ndo volkano za India zikaanza kumwaga. Si kweli banaa, ile lava ya Deccan (ndo hizo volkano za India) ilianza miaka laki kadhaa kabla ya kimondo, na India enzi hizo wala haikuwa upande wa pili wa Mexico. Watafiti wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 2015 walichosema ni kwamba huenda ule mtikisiko ulizidisha volkano iliyokuwa tayari inawaka, na wapo wenzao wanaopinga, wanasema tarehe za lava hazioneshi hivyo. Mi nilielewa vizuri dogo wa nyuma alipopiga teke benchi, soda yangu nilishaifungua na povu lilishaanza kupanda lenyewe, teke likaimwaga yote kwenye suruali. Sasa nimlaumu nani, teke au aliyefungua? Dogo mwenyewe wala hakusema samahani.

Halafu msimuliaji akatuchomekea na dainosaria wetu wa Tendaguru, kilima cha hukuhuku Lindi, yule mrefu aliyesimamishwa makumbusho kule Berlin, eti nao walikufa siku hiyohiyo, watu wakapiga makofi! Wale ni wa miaka kama milioni 150 iliyopita, kimondo ni milioni 66, walishakuwa mawe kitambo.

Nawapa nyota tatu, zote za picha na sabufa. Ukienda kaa benchi la ukutani karibu na feni, na soda nunua ukitoka.