Kozi ya modeli za maji pale Mtwara: programu ndiyo, mkufunzi hapana

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asichelewe: msilipe. Anayetaka kujifunza kutengeneza modeli za mito na mafuriko kwa programu huria akae nyumbani kwake, anunue bando, ajifundishe. Huenda nikifika chini nikalegeza maneno, kwa sababu yapo mema niliyoyapata pale, lakini naandika nikiwa bado na uchungu na sitaki kuuficha.

Kozi ilifanyika Mtwara mjini, kipindi watu wameshaanza kupuliza salfa kwenye mikorosho. Waandaaji siwataji, aliyekuwepo anajua. Ukumbi safi, umeme haukukatika, chai ya saa nne ililetwa kwa wakati. Ada ilikuwa nzito, na mimi nilijilipia mwenyewe. Wengi mle ndani walilipiwa na ofisi zao, nadhani ndiyo maana walikuwa wapole kuliko mimi.

Nilikwenda kwa sababu moja. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, Kilwa, magari yalirundikana pande zote mbili na sisi wa kusini tukabaki tumetengwa. Mimi ni fundi wa maji, naweka mabomba na kukarabati pampu. Nilitaka kujua anayejenga kalavati anaupimaje ukubwa wake, mvua ya kiasi fulani italeta maji kiasi gani pale darajani. Hiyo ndiyo kazi ya modeli za kihaidrolojia. Niliposikia inafundishwa kwa QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani ambayo huilipii na msimbo wake uko wazi kwa yeyote, nikasema hii ni yangu.

Siku za mwanzo zilikwenda. Kufunga programu, kufungua ramani, kupanga matabaka. Sina la kuongeza hapo.

Kisha ikaja siku ya kuchora mito.

Tulipakua vigae vya miinuko vya SRTM, yaani vipande vya ramani vinavyoonesha urefu wa ardhi. Kila kigae kinaitwa kwa pembe yake ya kusini-magharibi, kwa hiyo S11E039 kinaanzia nyuzi 11 kusini na kupanda hadi nyuzi 10, na ndani yake imo Newala, imo Tandahimba, imo sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde. Tukaziba mashimo ya data, tukaiagiza programu ifuate mteremko, tukachagua kiwango cha kuanzia mkondo, tukabonyeza. Skrini ikajaa mistari ya buluu. Mito juu ya uwanda wa Makonde, imesambaa kama mizizi ya mkorosho, na mmoja unapita karibu kabisa na kwetu.

Mtu yeyote wa Newala angeshtuka. Kule juu hakuna mto. Mchanga wake unakunywa mvua, maji yanatokeza huko chini mteremko unapoishia. Simama Shimo la Mungu utazame bonde la Ruvuma, utaona kwa macho yako kijani kilipo na kisipo. Mama zetu waliteremka na kupanda na ndoo kichwani, watu wakachimba mashimo ya kuhifadhia maji ya mapaa, na maji ya bomba ya kule yanasukumwa na mitambo kutoka Mitema, bondeni. Mito ile ya buluu ingekuwepo, nani angejitafutia taabu hiyo?

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Mwalimu, samahani, hapa juu hakuna mto. Mimi natoka huku. Mvua inazama mchangani, chemchemi ziko chini ya mteremko."

Hakunigeukia. Alisema akiwa anatazama skrini, "Mama, hii ni data ya setilaiti. Haidrolojia haifanywi kwa masimulizi ya kijijini." Watu wakacheka. Nikaomba basi anieleze tu, programu imejuaje kwamba pale pana mto? Akajibu kwamba swali hilo linapoteza muda wa wenzangu, na kama najua kuliko kompyuta nije mbele nifundishe mimi. Akabonyeza slaidi inayofuata.

Kicheko nilikivumilia. Kunyimwa jibu ndiko kulikoniuma, maana jibu lipo, ni fupi, na mtu anayejiita mkufunzi wa modeli anapaswa kulitoa hata akiamshwa usingizini. Nililitafuta mwenyewe usiku ule katika maelezo ya programu, ambayo kila mtu anaweza kuyasoma. Kompyuta haijui mto. Inazo pikseli, kila moja ina upande wa mita 30 hivi na namba moja ya mwinuko. Kwa kila pikseli inatazama majirani nane na kuyaelekeza maji kwa yule ambaye mteremko wa kwenda kwake ni mkali zaidi. Njia hiyo inaitwa D8, waliitoa O'Callaghan na Mark mwaka 1984. Baada ya hapo inahesabu ni pikseli ngapi za juu zinamiminikia pikseli hii. Hesabu ikivuka kiwango ulichokiweka wewe mwenyewe, inapaka buluu. Shusha kiwango, mito inazaliwa. Pandisha, inakufa. Hakuna mahali katika hesabu hiyo panapouliza kama chini pana mchanga au mfinyanzi.

Na ile anayoiita data ya setilaiti wala haikutoka kwenye setilaiti. Ni rada iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, katika safari ya siku 11. Penye miti rada ile haikufika ardhini sawasawa, kwa hiyo mwinuko unaousoma umechanganyika na majani. Uwanda wetu una maeneo mapana yaliyo karibu sawa, na umefunikwa na mikorosho. Kosa la wima lililokubaliwa kwenye data hiyo ni hadi mita 16. Mahali pa namna hiyo, mita chache za tofauti kati ya shamba la mikorosho na shamba la mihogo zinatosha kuugeuza mto mzima wa kompyuta uelekee kwingine. Hilo lilistahili somo la asubuhi nzima! Mfano ulikuwa ukutani, watu waliozaliwa mahali penyewe walikuwa wamekaa mbele yake, na yeye akabonyeza slaidi.

Ningeweza kusamehe hapo, kama yaliyofuata yasingekuwa mabaya zaidi.

Tulifika kwenye CN, ile namba ya jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani inayokadiria mvua itakayotiririka na itakayozama. Jedwali lina makundi manne ya udongo, A hadi D. A ni mchanga unaomeza, D ni mfinyanzi unaokataa. Kitini chetu kilikuwa na namba moja kwa bonde zima: 82. Imetoka wapi? Hakusema. Nikalifungua jedwali lenyewe, la mwaka 1986, linapatikana bure. Mstari wa bustani za miti zilizo katika hali ya wastani, ambao ndio unaokaribia mikorosho yetu, unasoma 82 kwenye kundi D. Kwenye kundi A unasoma 43. Nikakokotoa kwa kalamu nikichukua mvua ya milimita 80. Kwa 82 zinatiririka milimita 38, karibu nusu ya mvua yote. Kwa 43 haifiki hata nusu milimita. Mstari uleule, mvua ileile, kilichobadilika ni udongo peke yake. Ile ramani ya mafuriko tuliyopewa kuwa ndiyo ya Makonde ilikuwa ya nchi nyingine kabisa.

Niliyaandika hayo kwenye karatasi, safi, nikampelekea wakati wa chai ili nisimwaibishe mbele za watu. Akaipokea, akaikunja, akaweka kikombe chake juu yake.

Asije mtu akaniambia haya ni mambo ya darasani. Jirani yangu mezani alikuwa kaka mmoja aliyetumwa na ofisi yake, na alikuwa ameshaanza kutia alama za malambo kwenye mistari ile ya buluu, apeleke kwa wakubwa wake. Lambo juu ya mchanga ule! Litachimbwa kwa fedha ya umma, halitashika maji, na baadaye wanakijiji wataambiwa hawakulitunza. Nilimwambia, "Kaka yangu, kabla hujapeleka, nenda kamuulize mzee yeyote wa pale." Akanielekeza kwa mkufunzi kwa kidevu. Maana yake, bosi ameshasema.

Na katika kozi nzima hatukuilinganisha modeli yetu na mto hata mmoja uliopimwa. Modeli isiyowekwa kando ya vipimo vya mto halisi ni picha. Kuna kipimo cha Nash na Sutcliffe, cha mwaka 1970, kinachotumika sana: ukipata 1, modeli imelingana kabisa na mto, ukipata 0, ungechukua tu wastani wa vipimo ukapata usahihi uleule, chini ya hapo afadhali usingejisumbua. Sisi hatukukitaja hata jina. Nasi tulikuwa Mtwara, mji wenye makao ya Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini! Hatukupelekwa kuuliza chochote.

Sasa upande wa pili, maana nisipousema nitakuwa nimemdhulumu mtu.

Mkufunzi yule alikuwa na msaidizi, kijana mpole wa kufunga nyaya na kugawa flashi. Siku ile ya mito alinifuata barazani. "Shikamoo mama. Swali lako lilikuwa la maana." Akafungua laptopu juu ya ukuta wa baraza, akaanza kupandisha kile kiwango mbele yangu kidogokidogo. Mistari ya juu ya uwanda ikafifia mmoja mmoja hadi ikaisha, na mto Lukuledi ukabaki umesimama mahali pake. Akaniambia pia nisiamini kiwango kimoja kwa bonde zima, nitembee nikahakikishe. Kitini kilikuwa kinatuagiza tubonyeze vitu ambavyo kwenye skrini zetu havikuwepo, watu wanahangaika. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba kwenye matoleo mapya ya QGIS zana za SAGA, zile za kuchambua miinuko na mito, haziji zenyewe, unaziongeza kwa plagini, yaani kiprogramu cha nyongeza. Na yeye ndiye aliyenionya kuhusu ramani za zamani za serikali: zimechorwa kwa Arc 1960, data ya angani inakuja kwa WGS 84, mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali, na ukizichanganya bila kubadilisha, chemchemi yako inahama kiasi cha mita 300. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kuchimba kisima, mita 300 ni kisima kikavu. Yote haya alinifundisha kwa mapumziko ya chai, bila kulipwa shilingi ya ziada, akiniita mama kwa heshima yake. Yule mwingine naye aliniita mama, lakini masikio yanajua.

Programu zenyewe siwezi kuzisema vibaya hata nikiwa na hasira mara mbili ya hii. Faili la kufunga QGIS linazidi GB 1, kwa hiyo subiri bando la usiku. Ukishaipata ni yako. Mvua nimezipata bure kwenye data ya CHIRPS, inayoanzia mwaka 1981, kila pikseli kama kilomita 5 hivi, na nimekaa usiku naangalia masika za utotoni mwangu zikipita kwenye jedwali. Juzijuzi nililichora bonde lote la Lukuledi peke yangu, kuanzia upande wa Masasi hadi ghuba ya Lindi, uwanda wa Makonde nikaupa udongo wa kundi A unaoustahili. Lilipotoka nilimwita mwanangu aje aone. Sijafurahi hivyo na kazi yoyote ya mikono yangu kwa muda mrefu. Bado sina vipimo vya mto vya kulinganisha, kwa hiyo simwoneshi mhandisi yeyote, lakini najua kila namba iliyomo imetoka wapi.

Kwa hiyo lile neno langu la kwanza, msilipe, nalirudisha nusu. Bila kozi ile nisingekutana na yule kijana, na peke yangu pengine ningekwama kwenye SAGA nikakata tamaa. Fedha yangu haikupotea yote.

Nilikuwa nimeandika nyota tatu. Nikaikumbuka ile karatasi chini ya kikombe, nikafuta. Naweka mbili, na zote mbili ni za msaidizi. Ukitaka kwenda, piga simu kwanza uulize nani anafundisha. Wakikutajia mkufunzi wangu, usitoe hata ya kujiandikisha. Wakisema safari hii wamempa yule kijana darasa, lipa leo hii, na ukifika usiogope kumuuliza swali.