Degedege la Homa na Kifafa kwa Watoto

Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wazee wengi wa Mombasa husema ni degedege, na jina hilo hufunika mambo mawili yasiyotibiwa kwa njia moja. Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 mwili unapochemka, aghalabu huisha kabla ya dakika 5, wala halihitaji dawa za kila siku. Linalohitajika haraka ni kutafuta chanzo cha homa, hasa malaria na homa ya uti wa mgongo. Kifafa hujirudia bila homa, na si lazima mtoto aanguke: huenda akanyamaza katikati ya aya chuoni, akakodoa macho kwa sekunde chache, kisha akaendelea kusoma, naye maalimu akamdhania mtukutu. Huyu ndiye anayehitaji dawa kila siku, pengine kwa miaka, bila kuikatiza ghafla hata akionekana amepona. Mshtuko ukianza, wote wawili hulazwa kwa ubavu, bila kijiko mdomoni (wala kitunguu puani). Ukipita dakika 5, mtoto akimbizwe Hospitali Kuu ya Pwani au kituo chochote kilicho karibu zaidi.