Bagamoyo na watoto: siku moja inatosha, ila jua na maji ndiyo yapange ratiba

Bagamoyo ipo kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam, lami mwanzo mwisho. Umbali si tatizo. Kinachoharibu siku ni mpangilio: familia inafika saa tano, inaanza kuzunguka Mji Mkongwe jua likiwa utosini, na zamu ya magofu ya Kaole ikifika watoto wanalilia kurudi nyumbani. Geuzeni ratiba.

Anzeni na Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji, kabla ya saa tatu. Kwa watoto hapa ndipo penyewe. Kuna magofu ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, na makaburi ya kale, mengine yenye nguzo ndefu. Waonyesheni vishimo vya duara kwenye nguzo hizo: ndimo yalimopachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Yenyewe hayapo tena, lakini vyombo na vigae vya aina hiyo vimo kwenye chumba kidogo cha makumbusho hapohapo. Kisha watazame upande wa bahari na muwaulize majahazi yalitia nanga wapi, maana leo ni mikoko mitupu. Tope lilijaza bandari, biashara ikahama. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa hilo bila hotuba. Mbuyu mkubwa nao una sifa zake: husemwa ukiuzunguka unaongezewa umri, kwa hiyo waacheni wakimbie.

Mambo matatu ya kuangalia Kaole. Kuta ni za matumbawe, zinachuna magoti na mawe mengine yamelegea, hivyo hakuna kupanda, na viatu viwe vya kufunika vidole. Kaburi la Sharifa bado watu hulijia kwa dua. Kinachokutwa pale kisiguswe. Na bajaji hazipiti ovyo huko: elewaneni na dereva bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjapanda. Wazazi wawili na mtoto mmoja wanaenea nyuma. Zaidi ya hapo chukueni mbili.

Mwongozaji anafaa, ila mwambieni mapema kwamba mnataka nusu saa ya kitoto. Maelezo ya kawaida ni mlolongo wa miaka, watoto hawamalizi. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha wageni, bebeni vitambulisho.

Jua likikaza, hamieni Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868. Miembe yake ina kivuli cha kweli. Mnara wa kanisa la kwanza ndipo mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulipolala Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi inayoitwa Zambia leo. Simulizi hiyo inawashika watoto, hasa mkianza na wabebaji. Makumbusho ya utumwa ni mazito kwa walio chini ya miaka saba. Mzazi mmoja abaki nao nje, kwenye mbuyu uliomeza mnyororo.

Mji Mkongwe uwekeni saa kumi, na usizidi dakika 40: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la 1897, milango ya nakshi. Majengo mengi ni ya kutazama kwa nje na mabango hayatoshi. Kwa watoto wadogo, kusema kweli, sehemu hii inachosha.

Kuogelea kunategemea mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali mnamo saa nne asubuhi, mkabaki na tope, kisha hujaa saa kumi jioni. Siku hizo acheni Mji Mkongwe, muogelee jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: ogeleeni asubuhi, Kaole ihamie saa tisa. Msiogelee karibu na soko la samaki, kuna kamba za nanga na matumbo ya samaki. Msitegemee mwokoaji pia. Mtu mzima aingie majini na watoto.

Chakula ni hapohapo sokoni. Ulizeni bei kabla samaki hajaingia kwenye mafuta, na kwa watoto ombeni vipande vya nguru badala ya changu mzima, maana miba ya changu ni balaa.