Kulowesha kanvasi kama Frankenthaler: rangi ya mafuta au akriliki?

Mwaka 1952 mchoraji Mmarekani Helen Frankenthaler alitandaza kanvasi sakafuni huko New York, bila praimeri (rangi ya kwanza ya kuziba kitambaa), akaimwagia rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini. Rangi ikazama kitambaani. Mwaka uliofuata wachoraji wenzake Morris Louis na Kenneth Noland waliiona kazi hiyo, "Mountains and Sea", studioni kwake, wakabadili uchoraji wao. Miaka ya 1960 Frankenthaler mwenyewe akahamia akriliki, rangi yenye gundi ya plastiki.

Mchoraji wa Dar naye aanzie hapo, kwenye akriliki. Mafuta yana uzuri wake, hatukatai: kingo hufifia taratibu, na kila doa huzungukwa na utando wa njano, kama mafuta ya chapati kwenye gazeti. Lakini utando huohuo ndio ubaya wenyewe. Mafuta yakigusa pamba tupu huila, na miaka ikipita kitambaa hukakamaa na kukatika. Tena mvuke wa tapentaini kwenye chumba kimoja cha Sinza si mchezo.

Akriliki huzimuliwa kwa maji na haili pamba, ila kingo hutoka kali zaidi. Maji yakizidi sana rangi haishiki; ongeza midiamu (gundi ya akriliki isiyo na rangi). Kwa joto letu hukauka kabla ya kuzama, kwa hiyo nyunyizia kitambaa maji kwanza. Kwa mazoezi, marekani ya Kariakoo yatosha, mradi uifue kuondoa wanga, la sivyo rangi itaelea juu.