Fundi simu wa Darajani na bekapu isiyofunguka

Kwa wiki tatu nilikaa na simu mbili bila ya kunufaika na hata moja. Iliyo ya zamani ni iPhone yenye kioo kilichopasuka, nayo ilikuwa na kila kitu changu. Mpya ilikuwa tupu. Kila nilipojaribu kuhamisha vitu kwa kutumia kompyuta yangu, niliulizwa nywila ya bekapu, yaani nakala ya akiba ya vitu vya simu, ambayo niliiweka mwenyewe mwaka 2021 na sikuiandika popote. Niliiweka kwa sababu ya maana, kwani bekapu ya kompyuta isiyofungwa kwa nywila haichukui maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika simu, wala kumbukumbu za simu zilizopigwa, wala taarifa za afya. Iliyofungwa huchukua vyote hivyo.

Mtu wa kwanza niliyemwendea, hapa hapa Chake Chake, aliniambia kwamba anayo programu ya kuivunja nywila hiyo kwa shilingi 150,000, nusu nilipe mbele, na kompyuta niiache kwake siku mbili pamoja na namba ya kufungulia simu. Moyo haukukubali. Niliposafiri kwenda Unguja kwa shughuli za skuli, niliibeba mizigo yangu yote mpaka kwa fundi simu mmoja nyuma ya soko la Darajani, ambaye mwalimu mwenzangu alimsifu, na huduma yake ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa kuwa naamini wako wengi waliofikwa na jambo kama langu.

Ni kijana wa makamo ya mwanangu mkubwa. Aliniamkia, akanipa kiti, na kabla ya kugusa chochote akaniuliza suali moja: "Mwalimu, simu ya zamani bado inawaka na namba yake ya kuifungua unaijua?" Nilipojibu ndiyo, alishusha pumzi. Kisha akanieleza mambo mawili ambayo, laiti ningeyajua mapema, nisingehangaika.

La kwanza ni kwamba nywila ya bekapu imehifadhiwa ndani ya simu, haiko kwenye kompyuta. Kwa hiyo hata ningenunua kompyuta nyengine, kila bekapu mpya ingefungwa kwa nywila ile ile niliyoisahau. Tangu iOS 11, toleo la mfumo unaoendesha iPhone lililotoka mwaka 2017, nywila hiyo inaweza kuondolewa katika simu kwa kurejesha mipangilio yote katika hali yake ya mwanzo, na baada ya hapo mtu akachukua bekapu mpya na kuiwekea nywila nyengine. Picha, ujumbe na programu hubaki. Kinachopotea ni mipangilio, kama vile Wi-Fi zilizohifadhiwa, mpangilio wa skrini na mwangaza wake.

La pili lilikuwa zito. Bekapu ya zamani iliyokwisha kufungwa haifunguki kwa njia hiyo. Tangu iOS 10.2, ya mwaka 2016, nywila ya bekapu hupitishwa katika hesabu mara milioni 10 kabla ya kuzaa ufunguo wa kuifungulia bekapu, hivyo kompyuta inayokisia hulazimika kurudia kazi hiyo yote kwa kila neno inalojaribu. Nywila ya tarakimu nne huenda ikapatikana kwa subira, lakini ndefu yenye herufi na namba ni bahari isiyo na ng'ambo. "Hili silifungui, mwalimu," alisema, "na anayekwambia analifungua, muulize kwanza kama anaijua nywila."

Hata hivyo hakunifukuza. Alinipa karatasi, akanitaka niandike kila nywila niliyowahi kuitumia, pamoja na ya akaunti ya Apple, ya kompyuta na namba ya kufungulia simu, kwa sababu watu wengi huzichanganya. Niliandika 14. Aliisogeza kompyuta mbele yangu, akageuka upande wa mteja mwengine, nikaziingiza mwenyewe moja baada ya moja. Hakuna iliyokubali. Karatasi alinirejeshea mkononi, wala hakuitia jicho, na kwangu mimi kitendo hicho kina thamani kuliko ufundi.

Ndipo tukaenda kwenye mipangilio ya simu, tukaingia General, kisha Transfer or Reset iPhone. Hapa naomba msomaji awe makini: katika ukurasa huo kuna mstari wa Reset, na chini yake upo wa Erase All Content and Settings, ambao hufuta simu nzima. Alinionesha kwa kidole bila ya kugusa, akanisubiri nisome, kisha nikabonyeza Reset na baadaye Reset All Settings. Simu ilizima, ikawaka. Bekapu mpya ilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu waya wangu wa chaji ulikuwa mbovu na ilibidi atumie wake. Kufikia alasiri simu mpya ilikuwa na picha zangu zote.

Alinitoza shilingi 15,000. Kasoro ninazoziona ni kwamba mahali penyewe ni padogo, wateja wawili tu wanaokaa, na risiti niliipata baada ya kuiomba. Jambo jengine, aliniuliza pia kuhusu bekapu ya WhatsApp, ambayo tangu mwaka 2021 inaweza kufungwa kwa nywila au kwa ufunguo wa tarakimu 64, na akanihimiza niibadilishe nywila yake wakati simu bado i mkononi, kwa maana simu ikishapotea na nywila nayo imesahauliwa, WhatsApp wenyewe hawawezi kuifungua.

Kilichobaki kwangu ni ile bekapu ya 2021. Ndani yake mna sauti za marehemu mama, alizokuwa akinitumia kutoka Wete kila Ijumaa, na katika simu nilizifuta mwaka 2023 nafasi ilipojaa. Fundi alininakilia bekapu hiyo katika diski ya pembeni, akaniambia nisiifute na nisimpe mtu. Nimeshafikisha maneno 31 katika daftari. Kila ninapokumbuka jengine, usiku nawasha kompyuta nikalijaribu.