Tajini ya udongo mtupu kutoka Salé: uzoefu wangu wa kuipikia na kuitunza

Tajini ni chombo cha kupikia cha Moroko, sahani ya udongo yenye kifuniko kirefu cha umbo la pia. Ninayoizungumzia ni ya udongo mtupu, haijapakwa utando wa kung'aa ndani wala nje. Kipenyo chake ni sentimita 30, na ni kazi ya wafinyanzi wa Oulja pale Salé, ng'ambo ya mto Bouregreg ukitokea Rabat. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyama inayotoka humo inalainika hadi mfupani na mchuzi unakuwa mzito bila unga wowote, jambo ambalo sufuria ya alumini haijawahi kunipa. Isitoshe, katika masoko ya Moroko tajini za aina hii ndizo za bei ya chini. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu haivumilii papara. Ukiipa joto la ghafla inapasuka, na hapo mfinyanzi hana kosa.

Wengi hukosea tangu dukani. Tajini zenye maua na nakshi za rangi, zile zinazopendeza kwenye picha, nyingi ni za kuandalia mezani. Utando na udongo ulio chini yake hautanuki kwa kiwango kimoja vikipata moto, kwa hiyo utando unaanza kuchanika nyufa za unywele, na mafuta yanapenya humo na kuoza. Kibaya zaidi, baadhi ya tando za kienyeji huwa na madini ya risasi. Limau, nyanya na siki huivuta risasi hiyo ikaingia kwenye chakula, nawe huioni wala huionji. Kama muuzaji hawezi kukuhakikishia kwamba utando hauna risasi, tajini hiyo iwekee matunda tu.

Ya kupikia ichague kwa mkono na kwa sikio. Ishike sahani kwa vidole vitatu kwa chini, igonge ukingoni kwa kifundo cha kidole. Mlio mkavu unaosikika kwa muda kidogo ni dalili njema. Mlio butu uliokufa papo hapo maana yake kuna ufa, hata kama jicho halijauona. Kitako kiwe kinene kuliko kuta. Weka kifuniko, kizungushe pole pole: kikicheza upande mmoja, mvuke utatorokea hapo kila siku. Tundu dogo karibu na kilele cha kifuniko si kasoro. Baadhi ya wafinyanzi huliacha ili mvuke upumue, na lisipokuwepo hupungukiwi na kitu.

Kabla ya kupikia mara ya kwanza, tajini mpya lazima ilowekwe. Izamishe yote, sahani na kifuniko, kwenye beseni la maji ya kawaida kwa saa 12 hadi 24. Utaona vipovu vinapanda mfululizo: hiyo ni hewa inayotoka kwenye vinyweleo vya udongo na kuacha nafasi kwa maji. Vipovu vikikoma, itoe, ifute, iache kivulini saa mbili tatu hadi uso wake uwe mkavu ukiugusa. Halafu ipake mafuta ya zeituni ndani yote, na kifuniko kwa ndani, kwa kitambaa au kwa kiganja. Iingize kwenye oveni ambayo bado haijawashwa, ndipo uwashe nyuzi 150 za Selsiasi na uiache saa mbili. Zima, usifungue mlango, iache ipoe humo humo. Ikishapoa paka mafuta tena. Harufu ya udongo mbichi itakuwa imepungua sana, na rangi itakuwa imekolea.

Asiye na oveni aiweke juu ya jiko la mkaa lenye moto wa majivu, ndani ikiwa na maji ya vuguvugu, vijiko vitatu vya mafuta, kitunguu kilichokatwakatwa na punje za kitunguu saumu, ichemke taratibu kwa saa moja na nusu. Mchanganyiko huo unamwagwa, hauliwi.

Sasa moto, ambao ndio jambo lenyewe. Moroko tajini hukaa juu ya majmar, jiko dogo la udongo la mkaa. Sisi tuliozoea jiko la mkaa tuna faida kubwa hapa, kwa sharti la kuacha mazoea mawili. La kwanza ni kuinjika chombo makaa yakiwa bado mekundu. Subiri yafunikwe na majivu meupe, yasambaze, toa theluthi yake pembeni. La pili ni kupalia. Wali wa chungu tunaupalia makaa juu ya kifuniko. Tajini usiipalie hata kidogo. Kifuniko kile cha umbo la pia kimefanywa kirefu ili kilele chake kiwe mbali na moto na kibaki na ubaridi kiasi. Mvuke unapanda, unagusa sehemu ile ya juu, unageuka matone, unateremka kwenye kuta na kurudi kwenye nyama. Ukikipasha moto kifuniko, mzunguko huo unakufa na chakula kinakauka. Angalia pia kitako kisizibe mdomo wa jiko. Makaa yakikosa hewa yanatoa moshi na gesi ya sumu, kwa hiyo pikia nje au penye upepo wa kutosha.

Kwenye gesi, nunua bati la kutawanya moto, lile bapa la chuma lenye mpini, uliweke kati ya jiko na tajini. Bila bati, mwali unachoma duara moja katikati ya kitako wakati kingo bado baridi, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Anza na mwali wa chini kabisa kwa dakika 15, kisha ongeza kidogo, usifike hata katikati. Jiko la umeme la sahani nalo linahitaji bati, tena linapenda kuwaka na kuzima lenyewe, basi liweke kwenye kiwango cha chini. Jiko la induksheni halitambui udongo. Kwenye oveni inaingia vizuri ikiwa imeanza baridi, nyuzi 160.

Kwa kipimo cha sentimita 30, chakula cha watu wanne hadi watano, mimi hutumia kilo moja ya bega la kondoo au mbuzi lenye mifupa, vipande vikubwa vya ngumi. Tajini ikiwa bado baridi, weka mafuta ya zeituni vijiko vikubwa vinne, kitunguu maji kikubwa kilichokunwa, punje tatu za kitunguu saumu, tangawizi ya unga kijiko cha chai, manjano nusu kijiko, pilipili manga nusu kijiko, zaafarani kidogo iliyolowekwa, na chumvi kijiko cha chai. Ingiza nyama, igeuzegeuze katika viungo hivyo kwa moto mdogo kwa dakika 20 hadi ibadilike rangi. Usijaribu kuikaanga iwe ya kahawia, moto wa kukaangia ni mkali mno kwa udongo. Kisha tandaza kitunguu cha pili kilichokatwa duara, weka fungu la kotmiri lililofungwa uzi, na maji ya moto mililita 250. Hesabu ya maji ndiyo inayowatatiza wengi waliozoea mchuzi wa sufuria: yakifika theluthi ya kimo cha nyama yanatosha, maana kitunguu na nyama vitatoa yake. Funika.

Kinachofuata ni kusikiliza. Tajini inayokwenda sawasawa inanong'ona tu. Ukifunua kidogo utaona vipovu vidogo vikizunguka kingo na katikati pakiwa pametulia. Kifuniko kikianza kugonga-gonga na mchuzi ukatokeza ukingoni, moto umezidi: toa makaa mawili au punguza gesi, na ikibidi kiinue kifuniko kwa mpini wa kijiko cha mti. Fungua baada ya saa moja, geuza nyama, na kama mchuzi umepungua ongeza maji ya moto kwa kikombe cha kahawa. Narudia, ya moto. Kikombe kimoja cha maji baridi kwenye udongo wenye joto kinatosha kuigawa sahani vipande viwili.

Kondoo huchukua saa mbili na nusu hadi tatu, kuku wa vipande saa moja na robo, kuku wa kienyeji karibu mara mbili yake. Viazi na karoti huingia zikibaki dakika 50, zikiegemezwa kwenye nyama kuelekea juu, zile ngumu zikiwa chini karibu na mchuzi. Ukipenda tamu, chemsha pembeni gramu 200 za plamu kavu kwa mchuzi kidogo wa hiyo hiyo tajini, asali vijiko viwili na mdalasini, umwagie juu mwishoni pamoja na lozi za kukaanga na ufuta. Kwa kuku, limau zilizosindikwa kwa chumvi na zeituni ziingie dakika 20 za mwisho, na chumvi ya mwanzo uipunguze nusu. Achari yetu ya ndimu haiwezi kushika nafasi hiyo, pilipili na viungo vyake vinafunika zaafarani yote.

Samaki anataka tahadhari moja. Tandika vijiti vya karoti kwenye kitako, samaki alale juu yake, la sivyo ngozi inaganda na kubaki kwenye udongo. Dakika 40 zinatosha. Udongo mtupu unashika harufu, hivyo mpenda samaki afadhali awe na tajini ya pili.

Ukiipua, usiiweke juu ya vigae, marumaru wala sinki yenye maji. Iweke juu ya ubao au kitambaa kikavu kilichokunjwa mara nne. Iache ipoe kabisa kabla ya kuosha. Sabuni hapana: udongo unainywa, kisha unaitoa kwenye mlo unaofuata, na povu lake utalionja. Maji ya vuguvugu na brashi laini vinatosha. Pakiganda, loweka kwa maji ya vuguvugu yenye magadi ya kuokea vijiko viwili, saa moja, halafu sugua kwa chumvi ya mawe. Mashine ya kuoshea vyombo isiione.

Ukaushaji ndio unaosahaulika zaidi, hasa kwetu pwani kwenye unyevu. Ifute, igeuze kifudifudi juu ya vijiti ili hewa ipite chini, iache siku nzima. Unapoiweka kabatini, kifuniko kikae kando au kigeuzwe juu chini na karatasi katikati. Ukungu mweupe ukiota, osha kwa siki na maji nusu kwa nusu, anika juani hadi ikauke kabisa, kisha irudishe kwenye oveni baridi na uipandishe taratibu hadi nyuzi 150 kwa nusu saa, upake mafuta. Tajini iliyokaa kabatini miezi mingi bila kupikiwa iloweke tena saa moja kabla ya kuitumia.

Ufa wa unywele usiovuja mchuzi si wa kuhuzunisha. Pika ndani yake uji mwepesi wa mchele kwa moto mdogo, uache upoe humo usiku kucha. Wanga hujaza ufa. Ufa unaotoa matone ukishikwa mwangani na maji ndani, au unaobadilisha mlio ukiugonga, hauzibiki tena kwa kupikia, na gundi ya aina yoyote isikaribie chakula.

Ninayempendekezea ni mtu mwenye saa tatu za utulivu na jiko la mkaa au bati la gesi. Anayetaka mlo ndani ya dakika 40 kila jioni atakuwa na amani zaidi na sufuria nzito ya chuma. Nikiulizwa kuhusu tangia, ule mtungi wa Marrakech unaojazwa nyama, kitunguu saumu, limau la chumvi na samli, ukafungwa karatasi mdomoni na kufukiwa kwenye majivu ya tanuri la hamamu, yaani bafu la umma, jibu langu ni kwamba bila majivu mengi yenye joto la kudumu saa nyingi haikufai. Chukua tajini ya pili kwa pesa hiyo, na dukani omba kifuniko cha ziada kinacholingana nayo, kwa kuwa ndicho kinachovunjika kwanza.